Mstari Mmoja

Walitukusanya ukumbi wa reli, Tabora, Jumanne,
watu kumi na wanne na jagi la maji:
wasimamizi mbele, mashati ya kola,
sisi wakusanyaji nyuma, karibu na choo,
kama ilivyo desturi.

Bi Generoza Ntahondi, kashuka na treni ya usiku toka Kigoma,
akasema: hapa hamjifunzi kukamata mtu.
Mnajifunza kupokea kikopo.

Andikeni.
Maji ya choo yatiwe rangi ya buluu.
Bomba lizibwe. Mifuko ikunjuliwe,
funguo mezani, tumbaku mezani,
pochi abaki nayo mwenyewe.
Wewe simama nje ya mlango, usipige mluzi.
Akitoka, usimtazame usoni,
tazama ukanda wa joto ubavuni mwa kikopo,
thelathini na mbili hadi thelathini na nane,
kabla dakika nne hazijapita.
Gawa chupa mbili mbele ya macho yake.
Lakiri. Tarehe. Saini yake, kisha yako.
Ukikosea kuandika, usifute, usipake rangi nyeupe:
piga mstari mmoja, kosa liendelee kusomeka,
andika lililo sahihi kando,
tia herufi za jina lako.

Nikaandika. Mimi Nyamizi,
miaka sita nimefagia mabehewa ya daraja la tatu,
naijua haja ndogo ya wananchi wote
kutoka Dodoma hadi Mpanda.
Leo nafundishwa kuiita sampuli.

Kura ya zoezi ikamwangukia Bwana Msabila wa karakana,
yule ambaye akikohoa, spana zinajipanga.
Akaingia. Tukasubiri.
Akatoka na kikopo kikavu.
Haitoki, alisema, kwa sauti
ambayo hatukujua kwamba anayo.

Mtu akacheka, kisha akakumbuka anamcheka nani.

Si kosa, alisema Bi Generoza. Mpeni maji, mpeni kiti,
ana saa tatu. Haya nayo ina kibofu chake.

Akakaa kando yangu, akanywa glasi moja, glasi ya pili,
somo likaendelea bila yeye:
Msimamizi, andika ulichokiona, si ulichokidhani.
Usiandike "amevuta."
Andika: saa mbili na robo, alishika nguzo mara mbili,
nilimuuliza la leo, akajibu la jana.

Na macho mekundu? aliuliza kijana wa Urambo.

Macho mekundu ni macho mekundu.
Moshi. Usingizi. Msiba. Mwanga wa kuchomelea.
Muulize kwanza.

Glasi ya tatu ikasimama njiani, haikufika mdomoni.

Karakana nzima inamjua Kaseko, fundi wa kuchomelea,
aliyeondolewa mwaka juzi, behewa lilipoacha reli,
kwa sentensi moja: macho mekundu, mvuta bangi.
Hakukuwa na kikopo. Hakukuwa na lakiri.
Alitoka getini na kinyago chake cha kazi,
kioo kina ufa,
kile kioo alichoomba kibadilishwe mara tatu.
Sasa anauza asali Ipuli, kwa madumu,
na macho yake, wanasema, meupe kama sahani.

Msabila akainuka. Mlango ukafungwa.
Nikasimama nje. Sikupiga mluzi.
Kwanza kimya, halafu mdondoko,
kama mvua ya kwanza ya Novemba
inayojaribu bati moja kabla ya mengine.

Akanikabidhi. Nyuzi thelathini na sita.
Joto likapenya glavu, kama nimeshika kifaranga.
Nikasahau somo, nikamtazama usoni.

Alisaini. Lakini kalamu hakuirudisha.
"Taarifa ya mwaka juzi," akauliza,
na hakuniuliza mimi, aliiuliza chupa,
"nayo inapigwa mstari mmoja?"

Bi Generoza alikuwa anahesabu lakiri.
Nje treni ya mizigo ikapiga honi kuomba njia.
Mimi nilikuwa na glavu mbili na kikopo cha moto,
jibu sikuwa nalo,
na dakika nne zilikuwa zinakwisha.